Salamu Kwenye Msumeno

Kijiwe cha kahawa cha pale Itetemia kina benchi moja tu, lakini maneno yake yangejaza behewa. Asubuhi hiyo walikaa wanne. Abasi, fundi baiskeli, anaitwa Daktari kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujua. Prosperi, mkulima wa tumbaku wa Urambo, ndiye Mzee wa Moshi. Babu Mustafa, jirani wa wote, hana jina la utani, nani athubutu? Na Kulwa, seremala, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Ndiyo kwanza katoka wodini, vidole viwili kaviacha kwenye msumeno wa umeme wa karakana ya ng'ambo ya barabara. Na msumeno ulikuwa unalia hivi sasa, maana pacha wake, Doto, ndiye anayeusukumia mbao.

— Mimi nasema ni umeme, alianza Abasi. Unakatika, kisha unarudi na hasira zake. Msumeno lazima uruke!

— Umeme gani, Daktari? alisema Prosperi. Ule mti ulikuwa mninga. Hujauona unavyotoa damu? Ukiukata bila kuuomba radhi, unachukua ya kwako.

— Basi mafundi wote wa Tabora wangekuwa vigutu!

— Kwani wazima wamebaki wangapi? Kawape mikono uone.

Abasi akageuza hoja.

— Haya, si mti. Ni watu. Kulwa alipopata kazi ya milango ya shule, nani hakununa? Mtu kaenda Kigwa kwa mganga, kautuma msumeno.

— Msumeno utumwe kama nyuki?

— Siku hizi wanatuma hata kwa simu, we!

Kulwa alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na kila alipokinyanyua kahawa ilimmwagikia. Aliona aibu. Yeye alijua, na Babu Mustafa alihisi, ndiyo maana mzee wa watu hakuwa ameonja chochote tangu akae. Siku ile ya ajali Babu alipita mbele ya karakana, akaita kwa utani, "Kulwa! Leo hunioni, mjukuu wangu?" Na hapa kwetu kijana akimwacha mzee apite bila shikamoo, mama yake atasikia kabla ya jua kuzama. Kulwa alinyanyua uso. Mkono wenyewe uliendelea kusukuma ubao.

Wodini aliapa hatasema. Amtie mzee simanzi ya nini?

— Na wewe mwenyewe unasemaje? aliuliza Prosperi.

Kulwa alitazama ng'ambo. Doto ameinama, kinga ya msumeno haipo, na kila mpita njia anamwita kwa jina. Woga ulimpanda.

— Niliinua kichwa kumwamkia Babu, alisema. Mashine inazunguka. Ni hivyo tu. Nisamehe, Babu wangu. Nasema kwa ajili ya Doto.

Babu Mustafa aliweka kikombe chini, kimejaa vilevile.

— Ni mimi niliyemwita, alisema. Ni mimi, jamani.

Alishika bakora yake akaondoka. Njia ya kwake inapita mbele ya karakana, na Doto alimwona. Msumeno ukiwa unazunguka, akainua uso kama mama yao alivyowafunza.

— Shikamoo, Babu!

Babu aliutazama msumeno, kisha akatazama chini. Hakuitika. Alipita kama mtu asiyemjua.

Msumeno ulizimwa. Doto akatoka, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, akavuka barabara na kusimama mbele ya benchi.

— Jamani, Babu nimemkosea nini?

Kulwa alinyanyua mkono wenye bendeji amwonyeshe pacha wake, lakini machozi yalimtangulia.