Mama Kajuju na Ukurasa wa Pili

Alhamisi hii, tarehe 30 Novemba 1967, Bi. Kajuju M'Ikiara, karani wa sheria katika ofisi ya Mathenge na Wenzake, Mawakala wa Nyumba na Viwanja, Isiolo, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na mitano, miezi minane na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeandika "zaidi ya miaka ishirini na mitano", naye akaturudishia karatasi akisema "zaidi" si tarehe.

Aliingia ofisini humu Machi 1942, wakati wa vita vya Wazungu, mji ukiwa umejaa mahema ya askari. Ofisi ilikuwa ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodisha maduka, ambaye alihitaji mtu wa kupiga taipu. Binti wa Kimeru aliyefunzwa kazi hiyo misheni alishuka kutoka mlimani na barua ya padri wake, akaanza siku hiyohiyo. Mzee Mathenge alipoinunua biashara hii mwaka 1958 alipata, kwa maneno yake mwenyewe, meza nne, kabati lililokwama na Mama Kajuju, na katika hivyo vyote ni Mama Kajuju peke yake aliyekuwa akifanya kazi.

Kwa wageni wetu wa leo, yafaa kueleza kazi yenyewe. Viwanja vingi vya mji huu vinashikiliwa kwa leseni ya muda, na masharti ya leseni hubadilika kila tangazo jipya likitoka. Dalali asiyejua tangazo la mwezi huu anaweza kumwuzia mtu nyumba isiyouzika. Ndiyo maana kila Jumatatu asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, Mama Kajuju aliwakalisha benchini madalali wa mji mzima, wetu na wa ofisi nyingine, akawasomea lililobadilika. Kisha aliwagawia karatasi moja aliyoipiga kwa Kiswahili chepesi, nasi tukaiita Karatasi ya Jumatatu. Tumewahi kuikuta imebandikwa dukani Kinna, juu ya gunia la chumvi, ikiwa na umri wa miaka mitatu na bado inasomwa.

Hakumwacha mtu aondoke kabla hajaieleza sheria kwa maneno ambayo angemwambia mama mkwe wake. Kuna mabwana wazima humu ndani waliotoka jasho kwenye benchi hilo. Na mwaka 1959 herufi ya k ilipokatika kwenye mashine yake, alikaa miezi minne akisubiri kipuri kutoka Nairobi huku akiijaza kila k kwa kalamu, nakala kwa nakala. Wenye kujua Kiswahili wanajua kuna k ngapi katika sentensi moja ya kodi na kiwanja.

Lakini haya yote ni madogo. Tulilolikusudia kuliandika ni la Septemba mwaka jana, na wengi wenu mtalisikia kwa ukamilifu leo kwa mara ya kwanza.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Shifta, wale waasi wa kaskazini, walikuwa wametega mabomu barabarani, magari yalikwenda kwa msafara tu, na watu waliokuwa nje na mifugo walikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa. Baadhi ya wale waliokusanywa Garbatulla walikuwa na nyumba zao hapa Bulapesa. Walikuwa wametoka kwenda kuangalia ng'ombe wiki mbili tu, wakajikuta hawawezi kurudi bila kibali. Nyumba zao zilibaki na kufuli.

Agosti lilitoka tangazo la viwanja. Mama Kajuju alikuwa Meru, amekwenda kumzika mama yake, na Karatasi ya Jumatatu aliachiwa karani mwingine aiandike. Karani huyo aliandika kwamba mwenye leseni ambaye hajaonekana kwenye kiwanja chake kwa miezi sita amekipoteza, na kiwanja kitagawiwa mtu mwingine kuanzia mwezi wa kumi. Madalali waliichukua karatasi hiyo wakaanza kuwatembeza wateja. Nyumba ishirini na tatu zilipata wanunuzi kabla ya kupata ruhusa ya kuuzwa.

Karani huyo ni mimi, Njeru, ninayeandika maneno haya.

Mama Kajuju alirudi kazini Jumatatu, tarehe 19 Septemba, bado amevaa kitambaa cha matanga. Hakuomba chai. Aliomba tangazo lenyewe, akalisoma amesimama, kisha akaingiza ukucha katikati ya karatasi mbili zilizokuwa zimegandana kwa gundi ya bahasha.

"Njeru," akasema, "ukurasa wa pili uliusoma?"

"Upi, Mama?"

Akaniwekea mezani. Ukurasa wa pili ulisema kwamba sharti la miezi sita halimhusu mtu aliyezuiwa na amri za usalama kurudi kwake, mradi fomu ya tamko yenye alama ya dole gumba lake, iliyoshuhudiwa na ofisa, ifike ofisi ya viwanja kabla ya mwisho wa Septemba. Zilibaki siku kumi na moja. Wenye nyumba hawakujua kwamba kuna fomu, nasi ndio tuliouambia mji kwamba wamekwisha kuzipoteza.

Nilingoja kugombezwa. Nilikuwa hata nimeanza kukusanya vitu vyangu kwenye droo. Yeye alivuta kiti, akafungua daftari la wapangaji na wenye nyumba, akaanza kunakili majina. "Nitafutie kidau cha wino," akasema. "Na karatasi za kaboni. Nyingi."

Mzee Mathenge aliposikia anakotaka kwenda alikataa katakata. "Mama Kajuju, hiyo barabara si ya mtu wa taipu. Juzi lori imelipuka huko. Tuma barua."

"Barua itafika mwezi wa kumi, Mzee."

"Na wewe usipofika je?"

"Watu waliamini karatasi yetu," akasema. "Imetoka kwa hii mlango."

Mzee Mathenge alitoka nje barazani. Aliporudi alikuwa amevaa kofia, na ni yeye aliyekwenda kumwombea kibali cha kupanda msafara.

Msafara uliondoka Jumatano. Koplo Ekai, aliyeuongoza na ambaye yuko nasi leo, ndiye aliyetueleza ya njiani, maana Mama Kajuju mwenyewe ukimwuliza hujibu kwamba kulikuwa na vumbi. Alikaa juu ya magunia ya unga na mashine ya taipu magotini. Katikati ya safari, askari waliona udongo uliofukuliwa, magari yakasimamishwa, na kwa saa nne watu wawili walitembea mbele hatua kwa hatua wakichoma ardhi kwa vyuma. Jua lilikuwa la kuua. Askari wengine walijilaza chini ya magari. Koplo Ekai anasema alisikia mlio, tak, tak, tak, akageuka na bunduki mkononi, akamkuta Mama Kajuju ameweka mashine juu ya debe la mafuta, anapiga fomu.

"Mama, shuka hapo uingie kivuli," akamwambia.

"Nimebakisha saba," akajibu.

Bomu lilipatikana, likatolewa, wakaendelea. Koplo Ekai ni mtu wa Turkana aliyeona mengi katika kazi yake, na anaposimulia jambo hilo huteremsha sauti.

Huko Garbatulla Mama Kajuju hakupokewa kwa furaha. Watu walikuwa wamechoka kuhesabiwa. Mwanamke mgeni aliyekuja na askari, fomu na kidau cha wino hakuonekana kama mtu wa kheri. Mzee Dima, aliyefanya kazi ya barabara mpaka mgongo ukakataa, na mwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya msikiti wa Bulapesa, ndiye aliyeitwa kwanza. Alimsalimia kwa adabu, salaam aleikum, kisha akaficha mikono yote miwili ndani ya shuka.

"Mama," akasema, "karatasi ndiyo ilinileta hapa. Niliambiwa weka kidole, nikaweka. Sijarudi nyumbani mpaka leo. Kidole yangu imechoka."

Watu wakaitikia. Ofisa mmoja akataka kuwaamrisha, Mama Kajuju akamwomba awaache. Akafunga kidau cha wino akakiweka chini, mbali na fomu. Halafu akawaambia jambo ambalo sisi ofisini hatukujua kwamba atalisema.

"Ofisi yetu ilikosea. Tulisoma nusu ya tangazo tukaambia mji mzima kwamba nyumba zenu zimepotea. Hazijapotea. Nimekuja kuwasomea yote, na mtu asiweke kidole kama hajaelewa."

Akasoma ukurasa wa kwanza na wa pili kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, na mama mmoja mjane, Bi. Darmi, akazigeuza kwa Kiborana. Alipomaliza, Bi. Darmi akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Mara ya tatu walianza kuuliza. Na kama ukuta umeanguka? Na kama mpangaji amehama? Na kama jina kwenye leseni limeandikwa vibaya? Kila swali alilijibu kwa kuonyesha mstari kwa kidole, hata kwa wasiojua kusoma, ili waone kwamba jibu linatoka mahali.

Mwisho Bi. Darmi mwenyewe akauliza. Leseni ilikuwa ya marehemu mumewe. Je, kidole chake kingetosha?

Mama Kajuju alilipitia tangazo tena, mstari kwa mstari. "Hapa haiko," akasema. "Siwezi kukusomea kitu haiko."

Koplo Ekai anasema ni jibu hilo lililomgeuza Mzee Dima. Mtu aliyetaka kuwadanganya angesema ndiyo. Mzee akatoa mkono wa kulia kwenye shuka. "Lete hiyo wino," akasema.

Mama Kajuju alikaa huko siku mbili. Alimpigia Bi. Darmi barua ya peke yake, kurasa tatu, akieleza ndoa, kifo, watoto na miaka aliyoishi katika nyumba ile, na ofisa akaishuhudia pamoja na fomu. Alipata fomu ishirini na moja na barua hiyo moja. Mtu mmoja tu kati ya wale ishirini na watatu hakumpata, Boru wa Korbesa, ambaye alikuwa amepelekwa Merti, na barabara ya Merti wiki hiyo ilikuwa imefungwa. Mama Kajuju aliomba mara tatu kwenda. Alikataliwa mara tatu.

Jumatatu, tarehe 26, madalali walipokuja kwenye benchi walikuta Karatasi ya Jumatatu yenye kichwa kimoja kwa herufi kubwa: TULIKOSEA. Chini yake ukurasa wa pili wote ulikuwa umeandikwa. Wainaina, dalali aliyekuwa na wateja sita wa nyumba zile, alipiga kelele mpaka shingo ikavimba. Akadai kuambiwa ni nani aliyeandika karatasi ya Agosti. Mama Kajuju akamjibu, "Ofisi." Akauliza tena. "Ofisi, Wainaina. Sasa nieleze ukurasa wa pili kama unamwambia mama mkwe." Akaueleza. Na ni yeye aliyezunguka siku hiyo kwa wateja wake sita akiwaambia wasahau.

Fomu zilifika ofisi ya viwanja tarehe 28, zikapigwa muhuri zote ishirini na moja. Barua ya Bi. Darmi ilikataliwa mara ya kwanza. Mama Kajuju aliiandika upya, akaifuata kila mwezi, na Juni mwaka huu leseni ilitoka kwa jina la Darmi mwenyewe. Kiwanja cha Boru kiligawiwa mtu mwingine. Mama Kajuju alimwandikia Boru barua kumweleza, hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, na bado anamwombea kiwanja kingine. Faili hilo ndilo pekee analolikabidhi likiwa halijafungwa, na amelikabidhi kwangu.

Mwezi uliopita habari za mapatano ya kumaliza vita zilipofika, hatukujua kama tuziamini. Kisha, wiki mbili zilizopita, Mzee Dima aliingia ofisini na kibali cha siku tatu. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza. Alikaa mbele ya meza ya Mama Kajuju, akaweka ufunguo juu ya meza.

"Nimefungua mlango," akasema.

"Na mabati?"

"Iko. Yote iko."

Wakanywa chai. Ofisi nzima ilijifanya inafanya kazi.

Jioni ile nilimwuliza kwa nini mwaka mzima hakulitaja jina langu, si kwa Mzee Mathenge, si kwa Wainaina, si kwa watu wa Garbatulla waliokuwa na haki ya kulijua. Alikuwa anafunika mashine yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana.

"Ningekutaja," akasema, "ungesoma tena ukurasa wa pili? Ungeogopa karatasi tu."

Tangu mwezi wa tisa mwaka jana sijawahi kupiga taipu tangazo bila kulishika kwenye mwanga wa dirisha na kuhesabu kurasa zake.

Mama Kajuju, ofisi hii, madalali wa mji huu na watu wa nyumba ishirini na mbili za Bulapesa tunakushukuru. Shamba lako la Meru likupe mvua kwa wakati wake, magoti yako yapone ubaridi wa huko juu, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Uishi vizuri, Mama, na uishi sana.