Noelene Petschel, Fundi Aliyelizima Lori

Baada ya miaka thelathini na tisa katika karakana ya halmashauri yetu hapa Tarrabool, fundi Noelene Petschel anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa karakanani, na wakubwa wa wakati huo wakampa ufagio. Aliutumia wiki moja tu, kisha akachukua spana.

Greda, magari ya taka, mashine za kukatia nyasi, vyote vimepita mikononi mwake. Ila sisi tutamkumbuka kwa lori la jeshi la mwaka 1942, ambalo kila asubuhi ya Anzac, siku ya mwezi Aprili ambapo Australia huwakumbuka askari wake, huwabeba wazee wetu waliopigana vita.

Miaka miwili mfululizo lilizimika njiani. Mara ya pili tulilisukuma hadi kwenye mnara wa mashujaa, na mzee Reg Tuckwell, aliyeliendesha vitani, akiwa ndani analia kwa aibu. Alikuwa na miaka tisini na sita. Kamati yetu ya maadhimisho ikaamua mwaka unaofuata apande gari la kukodi. "Basi nitatambaa," mzee akajibu.

Noelene akafungua plagi zote sita za injini, akazipanga kwenye trei ya mayai. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, ncha zimelika, mwanya umepanuka hata cheche hairuki sawasawa. Akauliza nani huzisafisha. Ni mimi, Douglas ninayeandika haya. Kila mwaka nilizisugua kwa tupa na brashi ya waya, maana huku kwetu hakitupwi kitu. Nilidhani natengeneza, kumbe naharibu.

"Wewe Dougie, umezisugua mpaka umezimaliza," akaniambia. "Na hili lori mnalidekeza. Mwendo wa mazishi, mara moja kwa mwaka, litaacha vipi kujaa masizi?" Kamati aliiambia ni uchakavu tu. Hajanitaja hadi leo.

Akafunga plagi mpya, akapima mwanya wa kila moja, kisha akampakia mzee Reg wakaenda kuyachoma masizi ya injini kwa mwendo wa kasi kwenye barabara ndefu ya maghala ya ngano. "Kanyaga mafuta, binti!" mzee akapiga kelele. "Mimi sina miaka ya kusubiri!"

Aprili ilipofika, lori lilifika mnarani. Miaka yote tuliliacha likinguruma hata wakati wa dakika ya kimya, tukihofia halitawaka tena. Noelene akalizima. Ndipo tukamsikia mzee Reg akiwataja wenzake waliokufa, jina moja moja, kwa sauti ndogo. Kumbe kila mwaka alikuwa akiwataja, na injini ikimfunika. Alipomaliza, Noelene akapiga stata, likawaka hapo hapo.

Mzee alifariki Agosti ile. Ahsante, Noelene, kwa kutuwezesha kumsikia. Kapumzike kwa raha, na afya njema ikuandame miaka mingi.