Sauti ya Mama Kwenye Kundi la Michango

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa kwa kunifikisha mbele yenu. Wazee wetu, shikamooni. Hapa Chiwata wengi mnanijua kama kijana mbishi. Nilirudi kutoka chuo kikuu na maswali mengi, hata mchungaji nimemchosha. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika ujuaji ambao nusura uvunje kikundi cha mama yangu.

Mama na wenzake watano wanabangua korosho uani kwetu. Kazi hiyo mnaijua: mafuta ya ganda yanaunguza vidole hata ukijipaka majivu. Mimi nilijitwika kuuza mtandaoni. Nikafungua ukurasa wa Instagram, nikapiga picha korosho kwenye bakuli jeupe, nikaandika maelezo kwa Kiingereza, nikalipia tangazo. Watu wakabonyeza alama za moyo kwa wingi. Kununua, hakuna.

Nikaongeza picha. Nilikuwa nahoji kila kitu duniani, ila uchaguzi wangu mwenyewe sikuuhoji. Mvua zikaanza, na korosho za ndoo ya kwanza kati ya tatu zikapata unyevu, zikalegea. Zikabaki ndoo mbili. Jirani yetu Mama Asha, Mwislamu aliyebangua nasi tangu mwanzo, akanionyesha vidole vyake.

"Mwanangu, hiyo mioyo unayotuonyesha kwenye simu, inaliwa?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema ndoo hizo mbili zikilegea, wanaacha kubangua.

Jumapili ile niliomba bila kubishana, kwa mara ya kwanza. Sitawadanganya, ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilipata swali tu: wale wateja watatu tuliowahi kuwapata kabla ya ukurasa, walitujuaje? Nikawapigia mmoja mmoja. Wote walisikia kwa mtu wa nyumbani. Dada mmoja wa Dar es Salaam akaniambia, "Picha? Picha gani? Shangazi ndiye aliyeniambia mama yako anajua kukausha."

Mama ni mzaliwa wa Newala, na yumo kwenye kundi la WhatsApp la wenyeji wa huko waliotawanyika mijini, lile la michango ya harusi na misiba. Nikamwomba atangaze humo. Akakataa. "Watu wana msiba, mimi niingie na korosho? Nitaonekanaje?" Nilipomsihi, akampigia kwanza katibu wa kundi, naye akamruhusu, ila matanga yaishe. Tukasubiri, huku mvua inanyesha.

Siku ilipofika mama hakuandika. Alirekodi sauti, akasalimia koo zote kwa Kimakonde, kisha akaeleza biashara kwa Kiswahili. Papo hapo mtani wetu, Mngoni aliyeoa Newala, akajibu: "Wamakonde ninyi, korosho nzuri mnazimaliza shambani, mjini mnatuletea maganda."

Mama akabonyeza kurekodi tena. "Mngoni wewe, babu zako walikuja kwetu kupora bila hata kuonja. Wewe onja, halafu ulipe."

Kundi zima likacheka. Sauti ile ikarushwa kwa mashemeji, kwa wakwe, kwenye makundi tusiyoyajua. Wa kwanza kuagiza alikuwa Mngoni yule yule, pakiti nne. Tukawa tunapakia mizigo kwenye mabasi yanayopita Nanganga, na ndoo zote mbili zikaisha zikiwa kavu. Ukurasa wa picha bado upo. Aliyekwisha kusikia huingia kuona pakiti ilivyo, nao unatosha kwa hilo.

Maswali sijaacha. Je, ni Mungu au ni utani wa watu wa Newala? Nimejiuliza sana, na sioni kwa nini Mungu asiwatumie watani. Namshukuru yeye, namshukuru mama.

Nawe uliyechoka kutangaza bila kusikika, mtegemee Bwana, kisha mpigie mteja wako mmoja na umsikilize mpaka amalize. Usimkatize kama nilivyozoea mimi. Jumatatu Mama Asha anamleta mdogo wake kujifunza kubangua. Mama ameshamtandikia mkeka.