Mbaazi Zilizoficha Kongosho Langu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe sana, maana nyinyi mlinichosha, Yeye hakuchoka nami.

Mimi ni Mama Riziki wa hapa Timbwani. Miaka ya tisini ilipoanza nilishikwa na maumivu chini ya kifua, yanachoma mpaka mgongoni. Nikapigwa eksirei: hakuna kitu. Hakuna kitu, nami nalala nimejikunja! Daktari akasema kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, eksirei haiwezi kulionyesha, niende altrasaundi. "Mama, uje hujala. Chakula na hewa tumboni vitatuziba."

Ndugu zangu, mnajijua! Alfajiri ile mkaja kuniombea kabla sijavuka feri kwenda hospitali. Mama Kadzo, huyu hapa mbele, akaja na sufuria ya mbaazi za nazi, na mahamri juu. "Kula, mwanangu, mgonjwa hatoki na tumbo tupu." Chakula kimeshaombewa, utakikataaje? Nikala. Kule fundi wa mashine akanipitishia kile kidude tumboni, akaguna. Hewa tupu! Rudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata, mbaazi tena! Loo! Mara ya tatu nikala kidogo tu, nikamwambia fundi sijala. Kikaonekana kivuli, nusunusu. Daktari mmoja akasema huenda ni saratani, nipasuliwe upesi. Mwingine akasema hatumpasui mtu kwa kivuli, aende siti skani, ile mashine ya duara inayopiga picha tumbo vipande vipande kama mkate wa boflo. Huku Timbwani mlikuwa mmeshanizika! Mume wangu anapewa pole njiani, na mimi nipo uani nafua nguo za watoto wetu wanne, nalia nani atawafulia.

Siku ya siti skani nilitia komeo. Mama Kadzo akabisha hodi. Nikajibu nikiwa ndani, "Shikamoo, mama. Niombee hapo hapo nje. Leo sili." Wallahi! Kumrudishia mtu mzima sufuria yake! Lakini hapo ndipo Bwana aliponifungua, ndugu zangu. Kumbe miezi yote ile niliogopa kuwaudhi watu kuliko nilivyoogopa kufa. Upumbavu gani huo?

Picha ikatoka safi. Si saratani! Ni mfuko wa maji uliobaki baada ya kongosho kuvimba. Wakayatoa maji kwa sindano, nikarudi kwa wanangu. Asante, Yesu!

Basi wewe unayeumwa, mtegemee Bwana, hatakuacha. Na ukiambiwa usile, usile!

Nawe Mama Kadzo, usininunie. Sufuria uliyoficha chini ya benchi naisikia harufu yake tangu wimbo wa kwanza. Leo siendi kwa daktari yeyote. Leta sahani.