Redio Imemsahau Besi

Asubuhi redio ilipotoa kipindi cha bendi iliyozaliwa mtaani kwetu, benchi lilijaa kabla muuza kahawa hajawasha jiko. Ni bendi ya vijana wanne wasio na kampuni wala tajiri nyuma yao. Siku hizi wanazunguka dunia. Mimi fundi viatu nilibanwa pembeni. Katikati alikaa kinyozi, redio mapajani, shati limenyooshwa pasi. Tunamwita Besi, maana mwaka wa kwanza wa bendi ile yeye ndiye aliyepiga gitaa la besi.

Mtangazaji alikuwa amefika mpaka mtaani. Alieleza chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga walikofanyia mazoezi, magunia waliyotundika ukutani ili majirani wasilalamike, hata bata wa mwenye nyumba aliyezoea kuingia katikati ya wimbo. Jina la Besi halikusikika. Kisha mwimbaji wao akacheka, akasema walikuwa na mwenzao waliyemsihi waondoke pamoja, naye akakataa, akawaambia watarudi kabla ya miezi mitatu.

Besi akazima redio.

— Hata bata katajwa, akasema.

Fundi saa akajaribu kumpoza: pengine muda ulikuwa mfinyu. Besi akamjibu kwamba muda wa bata ulipatikana. Kahawa ikamiminwa, naye akaanza kutueleza kisa chenyewe. Kwanza ikawa wanamwogopa, kwa kuwa mtindo wao wote walijifunza kwake. Kikombe cha pili, mwimbaji alimwonea kijicho tangu wakiwa darasa moja, kwa sababu wasichana walikuwa wakimtazama mpiga besi. Cha tatu, sauti yake imefutwa kwenye kanda zote za zamani, na mtangazaji ameapishwa asimtaje. Fundi saa naye akanogewa, akasema hata gitaa analopiga yule aliyemrithi ni lile lile la Besi, wamelipaka rangi tu.

— Si nilisema mimi, akasema Besi, ingawa hakuwa amesema.

Muuza kahawa akaguna kwa kukubali. Mimi nikaendelea kushona soli.

Mshonaji aliyehamia mtaani mwezi uliopita alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo, kikombe mkononi. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani, kaka. Yule aliyewaambia watarudi kabla ya miezi mitatu ni nani?

Fundi saa akachungulia ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa akainama kupuliza makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu. Sindano yangu ikasimama. Sisi wenyeji sote tulikuwepo siku ile. Tuliyasikia maneno yale mlangoni pa kinyozi, na tulicheka pamoja naye.

Mshonaji akatutazama mmoja mmoja, akaona haya, akarudisha kikombe.

Besi akaiwasha tena redio. Kipindi kilikuwa kimekwisha, lakini redio ilikuwa bado inapiga nyimbo za bendi, na wimbo mpya ulikuwa umefika katikati. Hakupandisha sauti. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea juu ya paja, taratibu, vikilifuata besi la mtu mwingine. Vikakosea. Akavirudisha, akajaribu tena.