Fuvu Ndani ya Nailoni

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa bwana mmoja aliyepakata sahani ya santuri kama anayepeleka mtoto kliniki. Jirani yake, muuguzi aliyetoka zamu, akafanya kosa la kumuuliza ni muziki gani.

"Roki nzito, dada, ile ya magitaa kunguruma. Hawa jamaa albamu ya kwanza walikuwa simba. Hii ya pili ndiyo iliyowaharibu. Wimbo wa tatu wametia kinanda! Kinanda, kama wanabembeleza mtoto."

"Sasa umeinunulia nini?"

"Mkusanyaji hachagui. Ninazo mia nne, zote ziko ndani ya nailoni ya kiwandani. Sifungui hata moja, maana sindano ya gramafoni inakula sahani."

Mia nne za kunguruma, nikajisemea, na nyumba imetulia kama maji ya mtungi.

Muuguzi aliinamia jalada, akalitazama fuvu lenye taji lililochorwa juu yake. "Hii marehemu kaka yangu alikuwa nayo. Aliipiga kila siku mpaka mama akaapa ataikaangia mayai. Wimbo wa tatu hauna kinanda, bwana. Ni gitaa, linalia taratibu hivi." Akauimba kwa pua, mwanzo hadi mwisho, amefumba macho.

"Kinanda kipo," bwana akasema, sauti imeshuka. "Nilisoma."

"Si uifungue usikilize?"

"Nikiifungua, dada, itakuwa sahani tu."

Basi likasimama. Muuguzi akashuka na wimbo wake. Sahani ikaendelea na safari.