Mabingwa wa Chembe za Solange

Benchi la Mama Georgette, muuza kahawa, liko mjini Baraka, mkono wa kushoto ukishuka kutoka sokoni kwenda ziwani, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la swali lolote la dunia hii. Alhamisi hiyo walikuwa watatu, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi. Casimir huitwa Dokta kwa sababu alilinda lango la kituo cha afya miaka minne. Darius huitwa Bariyeri, maana ujana wake wote aliumaliza akishika kamba ya kuzuia magari kwenye njia ya Uvira. Wa tatu ni Fadhili, fundi wa simu, yaani Antena. Juu ya goti la Casimir kulikuwa na karatasi ya hospitali moja ya Bukavu. Ilikuwa ya mdogo wake, Solange, mwenye uvimbe wa kansa kwenye titi, na Jumatatu alitakiwa kuanza dawa.

Mstari wa mwisho wa karatasi uliagiza mgonjwa afike na garde-malade, mtu wa kulala naye huko, kumpikia na kumfulia. Bila huyo, hapokelewi. Casimir alisoma yote kwa sauti ya redio, akafika kwenye mstari huo, akakunja karatasi. Jamani, mwanaume huyu alikuwa anaogopa! Tangu mama yao afie wodini mbele ya macho yake, hajakanyaga tena hospitali. Solange hana mume, na dada zao wako mbali. Casimir alijua vizuri kwamba amebaki yeye tu, na aibu yake ndiyo iliyomfanya aseme sana.

— Basi musikilize, alisema Dokta. Mwili iko na chembe kidogo-kidogo. Kila chembe iko na mulango, na ku mulango iko kipokezi. Mesaji inafika, kipokezi inapokea, inapitisha mukono kwa mukono mupaka ndani. Mesaji inasema: gawanyika, ukuwe mbili.

— Na ya Solange? aliuliza Bariyeri.

— Ya Solange iko na bipokezi mingi kupita kiasi. Mesaji moja, yenyewe inasikia mia. Inagawanyika tu, bila kupumuzika. Sasa ile dawa yake haipige mwili yote ovyo-ovyo. Inaenda kuikaa juu ya kipokezi, mesaji inakosa pa kuingilia.

Alisema vizuri, nisimdhulumu. Wangeishia hapo wangekwenda nyumbani na heshima yao. Lakini Antena alishafungua mdomo.

— Dokta, unazunguka bure. Hiyo ni rezo, mutandao ya simu! Dawa inakata rezo, basi. Na kama ni rezo, Bukavu ya nini? Mumupeleke kule nyuma ya milima ya Fizi, kwa mujomba yangu. Kule simu inakufa kabisa. Juma mbili tu, uvimbe imekauka.

— Ule mujomba yako si alikufaka? aliuliza Dokta.

— Ndiyo.

— Na nini?

— Kansa. Lakini yake ilikuwa ya tumbo.

Bariyeri alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Ninyi muko batoto. Mi nilifunga njia miaka kumi na mbili, muniulize mimi! Dawa ni bariyeri. Haupigane na shofere, unafunga njia tu. Lakini mi naambia ninyi kitu Dokta hajui. Ukifunga njia, shofere haikae pale analia. Anashusha mizigo, anapakia ku mutumbwi, anapita ku ziwa. Kesho unamukuta kule mbele, anakupungia mukono.

— Chembe haina mutumbwi, Bariyeri.

— Itachonga! Ikikuta hapa bamefunga, itatafuta fasi ingine ya kupita. Bafunge na ziwa.

Casimir aliichungulia tena karatasi, nayo ilisema karibu hivyo hivyo: kwamba huenda chembe zikapata njia nyingine, na ikitokea hivyo mgonjwa ataongezewa dawa ya pili. Kushindwa na mtu wa kamba kulimuuma. Akapandisha sauti.

— Njia si kitu! Muulize mutumaji. Nani anatuma mesaji? Mukamate ule, ugonjwa imeisha.

— Ah voilà! alisema Antena. Mutumaji iko inje ya inchi.

— Apana, iko Kinshasa, alisema Bariyeri.

— Kinshasa? Toka lini mesaji ya Kinshasa ikafika huku kwetu Fizi?

Hata Mama Georgette, aliyekuwa anachochea makaa, alicheka. Bariyeri akakata shauri kwamba mtumaji amejificha kwenye wengu, kwa kuwa hakuna mtu pale aliyejua wengu unafanya kazi gani, na kiungo kisichojulikana kazi yake si cha kuaminiwa. Antena akaunga mkono. Wakakubaliana hospitali iandikiwe barua ya kuirekebisha. Bariyeri alishaomba kalamu.

Hapo ndipo Solange alipofika, kapu mkononi, sufuria na kitenge cha kujifunika vikichungulia. Alikuwa amekonda shingo. Antena akamsogezea nafasi, lakini Solange hakukaa.

— Jambo, bakubwa. Yaya Casimir, kaka yangu, gari ya Uvira mupaka Bukavu inatoka kesho asubui. Shofere iko pale ku kona, anataka kujua. Nimwambie fasi ya kukaa moja ao mbili?

Antena akakumbuka simu ya mtu aliyoiacha imefunguliwa kwenye meza yake ya kazi. Bariyeri akachungulia kikombe chake, kitupu. Casimir alimtazama mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni kwenda shule mwaka mzima binti huyo alipovunjika mguu, na alimpenda sana. Akafungua mdomo.

— Unaona, Solange, ile chembe iko na kipokezi...

— Yaya, shofere anangojea. Moja ao mbili?

Mabingwa watatu, waliokwisha kufunga njia, kufunga ziwa na kumkamata mtumaji ndani ya wengu, hawakuweza kuhesabu mpaka mbili.